Waraka kwa Wanachama: Msimu Huu Tuwatazame Watano wa Mbele

Dallas, Julai 2025

Kwa wanachama wote wa chama chetu cha mashabiki: mlioko Dallas, Fort Worth, Arlington na miji ya jirani, na wenzetu mnaotufuata kutoka mbali

YAH: MATUMAINI YA MCHEZO WA KUKIMBIA WA DALLAS COWBOYS

Ndugu wanachama,

Tangu drafti ya mwezi wa Aprili malalamiko ndani ya chama chetu yamekuwa ya aina moja: timu haina mkimbiaji. Mnauliza kwa nini nafasi ya 12 ilitumika kumchukua Tyler Booker, gadi kutoka Alabama, ilhali Omarion Hampton wa North Carolina alikuwa bado hajachukuliwa. Wengine hamjaacha kumlilia Ashton Jeanty, kijana aliyesoma sekondari papa hapa Frisco, ambaye Las Vegas Raiders walimchukua katika nafasi ya 6 kabla zamu yetu haijafika. Nimewasikia. Nimeona niandike waraka kamili, maana jambo hili lina mizizi na halijibiki kwa maneno mawili ya mlangoni.

Ninachowaomba ni hiki. Msimu huu tuache kumtazama mwenye mpira, tuwatazame watano walio mbele yake. Naamini kwa dhati kwamba timu yetu imeanza kuutengeneza mchezo wa kukimbia, na imeanzia mahali panapotakiwa. Shabiki asiyejua pa kutazama ataona kazi hiyo ikifanyika mbele ya macho yake, na bado atarudi nyumbani akinung'unika.

Tukumbushane kwanza tulikotoka. Mwaka jana timu ilikimbia wastani wa yadi 100 na kidogo kwa mechi, ikashika nafasi ya 27 kati ya timu 32. Tachidauni za kukimbia zilikuwa 6 tu kwa msimu mzima. Derrick Henry, mwenye makazi yake hapa Dallas, alisajiliwa na Baltimore na akafunga 16 peke yake. Alipokuja Arlington tarehe 22 Septemba alikimbia yadi 151, akafunga mbili, na Baltimore wakatuacha kwa 28 kwa 25. Sisi tulikuwa tumemrudisha Ezekiel Elliott, tuliyempenda sana, lakini miguu ilikuwa imeshachoka, na kabla ya mechi ya mwisho aliachiliwa. Aliyeokoa jahazi ni Rico Dowdle. Alipokabidhiwa kazi yote katika nusu ya pili ya msimu alifikisha yadi 1,079, akawa wa kwanza katika historia ya timu hii kuvuka 1,000 bila kuwahi kuteuliwa katika drafti. Machi mwaka huu akaenda Carolina. Timu ilimaliza na ushindi 7 na vipigo 10, kocha Mike McCarthy akaondoka.

Sasa nije kwenye macho yetu. Wengi wetu tumekulia kwenye soka, na wanachama wetu kutoka Kenya wengi wamekulia pia kwenye raga. Katika michezo yote miwili, kumzuia mtu asiye na mpira ni kosa na refa atapuliza filimbi. Kwa hiyo tangu utotoni jicho letu limezoea kumfuata mwenye mpira, kwa kuwa ndiye mwenye habari yote. Kwenye futiboli ya Kimarekani sheria imegeuzwa. Kumzuia asiye na mpira ndiyo kazi yenyewe, na watu watano kwa kila timu hulipwa mamilioni kwa kazi hiyo: senta anayeanzisha mpira, magadi wawili wa ubavuni mwake, na matakli wawili wa pembeni. Hawashiki mpira, hawafungi, na majina yao watoto wetu hawayavai mgongoni. Wao ndio wanaoamua kama mkimbiaji atafikia ukuta au njia.

Muda wanaouhitaji ni mfupi mno, sekunde mbili hivi tangu senta aurudishe mpira. Baada ya hapo kazi ni ya mkimbiaji. Anapoguswa na adui akiwa nyuma ya mstari ambapo mpira unaanzishwa, hakuna kipaji kitakachomwokoa mara nyingi. Anapoguswa akiwa tayari amepita yadi 3, hata mkimbiaji wa kawaida ataangukia mbele na kupata ya 4 na ya 5. Na yadi hizo 4 za jaribio la kwanza ni mali kubwa kuliko zinavyoonekana. Timu ina majaribio manne ya kupata yadi 10. Ikibaki 6 kwenye jaribio la pili, ulinzi hauwezi kujua kama pasi inakuja au mtu anakimbia. Ikibaki 9, kila mtu uwanjani anajua kwamba Dak Prescott atarusha, na wanaomwinda wanaacha kila kitu wanamfuata yeye. Kwotabeki wetu aliumia msuli wa paja kule Atlanta Novemba mwaka jana na msimu wake ukaishia hapo. Tukimpenda, tumwombee mchezo wa kukimbia.

Wapo watakaosema kwamba hizi ni nadharia, kwamba mkimbiaji mkubwa hutengeneza njia yake mwenyewe. Historia ya timu yetu ina jibu.

Mwaka 2014 DeMarco Murray alikimbia yadi 1,845, rekodi ya klabu hadi leo, nyuma ya safu ya mbele iliyokuwa na Tyron Smith, Travis Frederick na Zack Martin, wote watatu wakiwa wamechukuliwa katika raundi ya kwanza ndani ya miaka minne. Mkataba wake ukaisha, Philadelphia wakampa fedha, akaenda. Kule alipata yadi 702, chini ya 4 kwa kila mkimbio. Huku Dallas nafasi yake ikaishia kwa Darren McFadden, mtu ambaye ligi nzima ilikuwa imeshamhesabu kuwa amekwisha kwa majeraha. McFadden akakimbia yadi 1,089, wa nne katika ligi, katika timu iliyoshinda mechi 4 tu. Mwaka uliofuata Ezekiel Elliott alikuja akiwa kijana mbichi, akaongoza ligi kwa yadi 1,631 nyuma ya safu ileile. Wakimbiaji watatu, tabia tatu, umri tofauti, na wote walikimbia vizuri mahali pamoja. Aliyeondoka mahali hapo, mwaka uliofuata akapotea.

Na hao Philadelphia wanaotuumiza kichwa leo, tuwatazame bila chuki. Saquon Barkley alikuwa New York Giants mwaka 2023 akapata yadi 962. Akavuka kwenda Philadelphia, na mwaka 2024 akapata 2,005, wakabeba Super Bowl kwa kuwafunga Kansas City 40 kwa 22. Barkley ni mkimbiaji wa ajabu, sitamnyima haki yake. Lakini alikuwa wa ajabu akiwa New York pia. Kilichobadilika ni Lane Johnson, Landon Dickerson, Cam Jurgens, Mekhi Becton, na Jordan Mailata, yule Mwaustralia mkubwa aliyetoka kwenye raga na hakuwahi kucheza futiboli hii hata siku moja kabla hajachukuliwa. Alifundishwa kazi na kocha wa safu, Jeff Stoutland, mwaka baada ya mwaka, hadi akawa alivyo. Wanachama wa raga, mnaye ndugu pale, ingawa amevaa jezi ya adui.

Yupo mzee wetu mmoja ambaye kila nikisema haya hunirudisha mwaka 1993, na hoja yake ni nzito. Emmitt Smith aligoma kwa ajili ya mkataba, safu ilikuwa ileile ya mabingwa, na timu ikapoteza mechi mbili za kwanza. Aliporudi, walimaliza wakiwa mabingwa tena. Ni kweli, na sitaki kuipuuza. Tarehe 2 Januari 1994, dhidi ya Giants, Emmitt alicheza bega likiwa limetoka mahali pake na bado akakimbia yadi 168. Mtu wa namna hiyo hapatikani kila kizazi. Sisemi mkimbiaji si kitu. Nasema mpangilio wa ujenzi. Emmitt alidumu hadi akafikisha yadi 18,355, nyingi kuliko mtu yeyote katika historia ya NFL, kwa sababu kwa miaka mingi alikuwa akiguswa akiwa tayari yuko mbele. Waliomfungulia njia walikuwa Erik Williams, Nate Newton, Mark Stepnoski, Mark Tuinei, na baadaye marehemu Larry Allen. Newton na Tuinei hawakuteuliwa katika drafti yoyote. Allen alitoka chuo kidogo cha Sonoma State. Safu ile haikununuliwa kwa siku moja. Ilifundishwa, ikakaa pamoja.

Hapo ndipo ninapoyaona matumaini ya mwaka huu.

Brian Schottenheimer amepandishwa kuwa kocha mkuu, na mratibu wa mashambulizi aliyemleta ni Klayton Adams. Adams hakutoka kwenye kufundisha makwotabeki kama waratibu wengi walivyo. Alikuwa kocha wa safu ya mbele kule Arizona, na mwaka jana Arizona walikimbia kwa wastani wa zaidi ya yadi 5 kila walipojaribu, bila kuwa na safu ya majina makubwa. Kocha mpya wa safu yetu ni Conor Riley, kutoka Kansas State, ambaye ndiye aliyemfundisha senta wetu Cooper Beebe chuoni. Kwa hiyo Beebe hatapoteza mwaka akijifunza lugha ya mwalimu mgeni. Mambo kama haya hayaandikwi kwenye vichwa vya habari, nami nayaona yana uzito kuliko usajili wowote wa Machi.

Kuna namna mbili kuu za kufungua njia, na tutaziona zote. Ya kwanza, wote watano wanapiga hatua upande mmoja kwa pamoja, kila mmoja akichukua eneo lake na yeyote atakayemkuta humo. Mkimbiaji anasubiri, anasoma pengo, anakata mara moja na kwenda. Ya pili, gadi mmoja anaacha nafasi yake, anapita mbio nyuma ya wenzake na kumgonga adui upande wa pili, mahali ambapo hakutarajiwa. Timu inayojua moja tu husomeka. Adams anapenda kuzichanganya, na kwa mchanganyiko huo anahitaji magadi wenye nguvu na pumzi.

Ndiyo maana ya Booker. Ana zaidi ya kilo 140 na umri wa miaka 21. Anapewa nafasi ya Zack Martin, aliyestaafu baada ya misimu 11 na kuchaguliwa Pro Bowl mara 9, mtu aliyeadhibiwa kwa kosa la kushika mara chache kuliko alivyochaguliwa kuwa nyota. Msimlinganishe kijana na Martin. Mwacheni awe gadi mzuri wa mwaka wa kwanza, na hiyo itatosha. Upande wa kushoto tuna Tyler Smith, kwa maoni yangu mchezaji bora wa safu yetu sasa. Booker na Smith wakiwa magadi, na Beebe katikati, tuna watatu wa ndani ambao timu nyingi zingewatamani.

Lakini naomba mlishike jambo moja kabla hamjaanza kuzomea. Booker alicheza gadi ya kushoto Alabama, sasa anapelekwa kulia. Beebe aling'aa kama gadi chuoni, amefundishwa usenta hapa mwaka jana. Tyler Guyton alikuwa takli wa kulia Oklahoma, hapa ni wa kushoto. Smith mwenyewe alikuja kama takli akageuzwa gadi. Wanne kati ya watano wanafanya kazi ambayo si ile waliyoijua. Mguu unaotangulia hubadilika, mkono unaogonga kwanza hubadilika, na mwili hausahau mazoea ya miaka kwa wiki tatu za kambi. Kule Oxnard, California, wanakokwenda sasa, siku za mwanzo hawavai hata mapedi, kwa hiyo kukinga kwenyewe hakuanzi. Safu hukomaa ikicheza. Septemba inaweza kuwa ngumu, na Novemba ikawa nyingine kabisa.

Wasiwasi ninao pia, na nauweka wazi. Takli wa kulia, Terence Steele, hajawa yule tuliyemjua kabla ya kuumia goti Desemba 2022, na yeye ndiye jirani wa kijana mpya. Guyton alikuwa na mwaka wa kwanza wenye adhabu nyingi. Akiumia mmoja wa wale watatu wa ndani, anayeingia badala yake hajathibitishwa. Sehemu hizi mbili za pembeni ndizo zitakazotuambia ukweli wa msimu.

Kuhusu wakimbiaji wenyewe nitasema kwa ufupi. Javonte Williams ametoka Denver kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka wake wa kwanza, 2021, alipata yadi 903 na ilikuwa shida kumwangusha. Oktoba 2022 kano za goti zilikatika. Mwaka jana alipata 513. Kama goti limempa tena ule msukumo wa hatua mbili za kwanza, atatushangaza. Ana umri wa miaka 25 tu. Miles Sanders naye ni ushahidi unaotembea wa yale niliyoyasema hapo juu: mwaka 2022 akiwa nyuma ya safu ya Philadelphia alikimbia yadi 1,269, mwaka uliofuata kule Carolina akapata 432. Kijana Jaydon Blue wa chuo kikuu cha Texas ana mbio kuliko wote. Hakuna hata mmoja atakayeuza jezi kama Emmitt. Hatuhitaji hilo. Tunahitaji wanaume watakaopita pale walipofunguliwa, bila kudondosha mpira. Tena Mei timu ilimleta George Pickens kutoka Pittsburgh kusaidiana na CeeDee Lamb. Wapokeaji wawili wa namna hiyo wanalazimisha walinzi wa nyuma kurudi mbali, na kila mlinzi anayerudi nyuma ni mtu mmoja pungufu wa kugongwa na Booker na wenzake.

Basi ndugu zangu, naomba mambo yafuatayo kwa moyo wote.

Tunapotazama pamoja, mpira ukianza, kila mmoja ajilazimishe kumtazama mchezaji mmoja wa safu, si mkimbiaji. Shikeni namba: 60 ni Guyton, 73 Smith, 56 Beebe, 52 Booker, 78 Steele. Gawaneni. Mkimbio ukiisha, ulizaneni ameenda wapi na amemsogeza nani. Mkifanya hivyo kwa robo mbili tu mtaona mechi nyingine kabisa ndani ya mechi mliyodhani mnaijua. Wanachama waliocheza raga katika safu ya mbele wanajua uzito wa kusukumana chini ya bega. Hao nawaomba wakae na vijana wetu na kuwaeleza. Watoto wetu wengi ni wakubwa wa umbo na wanacheza kwenye shule za huku. Makocha wanawaweka kwenye safu, nao wanarudi nyumbani wakiona wamenyimwa heshima. Mzazi asiyeijua kazi hiyo hawezi kumtia moyo mwanawe. Kwangu hilo lina maana kuliko nafasi ya 27 au ya 7.

La pili ni ulimi. Mwaka jana baadhi yetu walimwandikia Guyton maneno ambayo wasingethubutu kumwambia mtoto wa jirani. Kijana alikuwa katika mwaka wake wa kwanza kwenye nafasi mpya. Jina la chama chetu lisionekane tena chini ya matusi ya namna ile. Kukosoa ni haki yenu. Semeni amechelewa hatua, semeni ameshika, semeni apumzishwe. Kumtukana mama yake si ushabiki.

La tatu, tupeane muda hadi katikati ya Oktoba kabla ya kutoa hukumu, na tunapohukumu tuulize maswali yanayofaa. Je, mkimbiaji anaguswa mbele ya mstari au nyuma yake? Jaribio la tatu likibaki yadi 1 au 2, tunazipata? Karibu na goli tunaweza kufunga kwa miguu, au tunarudi kumtegemea mpiga mateke wetu Brandon Aubrey? Yadi za jumla zinaweza kudanganya mechi ikiwa imeshaamuliwa. Maswali haya hayadanganyi.

Mtihani wa kwanza ni mgumu kuliko yote, ugenini kwa mabingwa Philadelphia, Alhamisi tarehe 4 Septemba, saa 1:20 usiku kwa saa za Dallas. Wenzetu walioko Nairobi na Dar es Salaam itakuwa saa 9:20 usiku wa kuamkia Ijumaa, na wanaotaka kukesha nasi kwa simu wanikumbushe mapema. Tutakutana mahali petu pa kawaida. Mechi ya kwanza ya nyumbani ni Jumapili tarehe 14 Septemba dhidi ya Giants; wanaotaka kwenda uwanjani kwa pamoja wajiandikishe kwangu, na michango ya chakula cha siku zote mbili ifike kwa mweka hazina kabla ya Agosti kwisha. Waje na vijana wao. Nitakuwa na karatasi yenye mchoro wa nafasi za wale watano na namba zao, nakala za kuwatosha wote.

Wenu katika chama,

Katibu